Kiti cha Dirishani

Landrova iliwaka saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, na mtaa mzima ukapata habari. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imewafungia watu ndani, maana Sumbawanga ikiamua kuwa na baridi haimbembelezi mtu, lakini mlio ule uliwatoa. Akina mama waliacha uji ukichemka. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao ili wasikie vizuri. Miaka saba gari lile lilikuwa limekaa juu ya magogo katika gereji ya Felisiani, kila apitaye akilitania, mara "banda la kuku", mara "mke mkubwa wa Feli". Leo lilikuwa linanguruma, rangi yake ya kijani iking'aa.

"Limewaka! Feli, limewaka!" Hilaria alipiga vigelegele katikati ya barabara, yeye mwalimu mzima wa sekondari, na wanafunzi wake wawili wamesimama pale pale wakimkodolea macho. "Waache waone! Nimesubiri mno mimi."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mmoja tu alikuwa anatabasamu kwa meno huku moyo umemnywea, naye ndiye aliyeshika ufunguo.

Nikwambie ukweli, msomaji wangu, Felisiani hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya asingepata shida siku ile. Alikuwa fundi hodari, mpole, mwenye macho ambayo Hilaria alisema humfanya asahau alichotaka kugombania. Ila alikuwa na jambo lake kifuani, na halikuwa jambo la kusemwa mbele ya watu wanaokupigia makofi.

Hilaria alipanda, akakaa katikati, goti lake likigusana na mti wa gia. Kiti cha dirishani alikiacha wazi. Akatoa kitenge cha zambarau mkobani, akakitandika pale polepole, akakilaza kwa kiganja.

"Cha mama," alisema. "Hapa ndipo alipokuwa anakaa yeye, baba akiendesha. Mimi mwenyewe nilipozaliwa nililetwa nyumbani nimepakatwa kwenye kiti hiki. Leo atakaa tena."

Felisiani alikitazama kile kitenge mara moja tu. Akakanyaga klachi, akaingiza gia, na Landrova ikatoka barabarani.

Walikuwa wanaelekea Mwazye, kwa baba yake Hilaria. Mzee Teodori alikuwa dereva wa misheni enzi zake, na alipostaafu aliachiwa gari hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Lilikaa uani, kuku wakataga ndani. Felisiani alipokwenda kujitambulisha kama mchumba, mzee alimwonyesha kidole tu: "Lione lile. Siku litakapoingia uwanja huu kwa magurudumu yake, ndipo nitakapokusikiliza. Nataka kujua kama wewe ni mtu wa kumaliza kitu." Likakokotwa mpaka gerejini Sumbawanga. Basi ndiyo leo.

Waliiacha Pito nyuma, mashamba yakafunguka pande zote, mahindi yameshavunwa, upepo wa Ufipa ukiingia kwenye kila tundu la mlango. Injini ilikuwa inakwenda vizuri. Ilikuwa inakwenda vizuri mno, na hilo lilimuuma Felisiani kuliko kama ingezimika.

"Mbona umenuna?" Hilaria aliuliza.

"Sijanuna. Nasikiliza injini."

"Injini imenyamaza kukulalamikia, wewe nyamaza kuilalamikia." Akamwegemea begani. "Feli, yule mzee wa Laela aliyekupa rota, jina lake nani?"

"Mzee gani?"

"Wa Laela! He! Umemsahau hata mtu aliyekuokoa?"

"Aa. Yule. Wanamwita Mzee tu."

"Tukirudi tumpelekee jogoo. Mtu akae na kipuri miaka yote hiyo, halafu akutolee wewe bila kinyongo? Huyo katumwa na Mungu. Nitamwombea misa kabisa."

Felisiani alihisi masikio yanawaka. Akabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Rota, kwa asiyejua, ni kidude kidogo cha kuenea kiganjani kinachokaa ndani ya distributa, kule umeme wa injini unakogawanywa. Kisipokuwepo, gari halitoi cheche, hata ulisukume mpaka Tunduma. Na huko Tunduma ndiko Hilaria alikokwenda kuitafuta, mwezi wa kumi na moja mwaka juzi, kwa basi, mvua inanyesha, akapita duka kwa duka mpaka akaipata. Alirudi ameifunga kwenye leso. Felisiani akaipokea, akaenda nayo chini ya boneti, na kesho yake akamwambia: "Haiingii, mpenzi. Hii ya gari jingine." Hilaria alilia siku ile. Kisha akafuta machozi akasema watapata nyingine.

Sasa wewe jihesabie mwenyewe. Mzee wa Laela hakuwepo. Hajawahi kuwepo.

Baada ya Matai waliiacha lami, vumbi likaanza. Saa sita kasoro wakaliona paa la kanisa la Mwazye, na chini yake makaburi.

"Simama," Hilaria alisema. "Tuanze kwa mama. Usizime, nataka alisikie."

Felisiani alisimamisha gari kando ya njia, likabaki linanguruma. Hilaria alishuka na kitenge chake. Alipofika kwenye kaburi alichuchumaa, akapiga makofi yale ya polepole, ya heshima, kama binti anayemwamkia mama yake mlangoni. Felisiani alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Mama, tumekuja," Hilaria alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumza na mtu. "Unalisikia? Ndilo lile. Ulitaka ulipande mara moja tu uende nalo kanisani kama zamani. Tumechelewa, mama, utusamehe. Si kosa la Feli. Vipuri vilikosekana. Alihangaika sana, mama, mimi ni shahidi wake."

Mimi ni shahidi wake! Jamani, kuna maneno yanayopiga kuliko kofi. Felisiani aligeuka, akaenda kwenye gari, akazima injini. Kimya kikatanda, upepo tu.

"Nimekwambia usizime," Hilaria alisema.

"Hilaria, usimwambie hivyo."

"Nimwambieje?"

"Usimwombe msamaha kwa ajili yangu." Akarudi mpaka penye kaburi. "Hakuna mzee wa Laela."

Hilaria alimtazama kama mtu anayesubiri utani umalizike acheke.

"Rota iliyomo kwenye gari ni ile ile," Felisiani alisema. "Ya Tunduma. Uliyoleta wewe."

"Ulisema haiingii."

"Iliingia. Usiku ule ule. Nikafunga milango ya gereji, nikaiwasha, ikawaka. Nikaizima. Nikaitoa, nikaiweka kwenye kopo la kahawa."

"Mwezi wa kumi na moja."

"Ndiyo."

Hilaria hakupiga kelele. Alianza kuhesabu kwa vidole, kama mtoto wa chekechea. "Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili. Wa kwanza. Wa pili. Mama alifariki mwezi wa tatu." Akavitazama vidole vyake. "Krismasi alikuwa bado anatembea, Feli. Krismasi alivaa kitenge hiki, akakaa nje, akaniuliza, 'Na lile gari je?' Nikamwambia vipuri, mama. Mimi ndiye niliyemwambia. Kwa mdomo wangu huu."

"Najua."

"Kwa nini?"

Felisiani alitafuta pa kutazama akapakosa. Mbele kulikuwa na kaburi, pembeni kulikuwa na gari, na katikati yake kulikuwa na macho ya Hilaria.

"Baba yako alisema gari likifika ndipo atanisikiliza," alisema. "Mimi nikaogopa kusikilizwa. Nimeishia darasa la saba, Hilaria. Shangazi yako Coleta alisema mbele ya watu, mikono ya grisi itamshikaje mwalimu. Nikaona gari lisipoisha, bado mimi ni mchumba wako. Likiisha, naweza kuambiwa hapana. Na nikiambiwa hapana, wewe nakukosa."

"Kwa hiyo ukaona afadhali nizeeke nikikungoja?"

"Niliona iwe wiki moja tu. Ikawa mwezi. Halafu mama akafariki, na baada ya hapo ningesemaje?"

"Kwa mdomo!" Sasa alipiga kelele, na kunguru wakaruka juu ya miti ya makaburini. "Ungesema kwa mdomo, Feli! Na ningekasirika, na ningekusamehe, na mama angepanda gari! Mwezi wa nne mwaka huu nilipokwambia nimechoka, nakwenda kumwambia baba aache kukungoja, ndipo miujiza ikatokea Laela. Na mimi mpumbavu nataka kupeleka jogoo!"

Alikikunja kitenge, akakikumbatia, akaenda kwenye gari. Felisiani alimfungulia mlango wa mbele. Hilaria akampita, akazunguka nyuma, akapanda kwenye bodi, akakaa kule kwenye benchi la mbao wanakokaa abiria wa nyuma.

"Endesha," alisema. "Na ukifika, utamwambia baba mwenyewe. Usimwachie mshenga."

Kutoka pale hadi kwa mzee Teodori ni karibu, lakini Felisiani hajawahi kuendesha njia ndefu kama ile. Watu walitoka majumbani wakipunga mikono. Watoto wakakimbia nyuma ya gari wakishangilia. Yeye alikuwa peke yake mbele, viti viwili vitupu ubavuni, na kila aliyempungia mkono alimwongezea aibu juu ya aibu.

Uwanjani walikuwa wamefagia mpaka vumbi likaisha. Mzee Teodori alikuwa amekaa kwenye kiti chake, koti zito mwilini, masikio yameelekea barabarani, maana macho yake yalishaanza kumwacha. Shangazi Coleta, dada yake mzee, alikuwa amevaa gauni la sikukuu. Na mzee Christopha, mshenga, alikuwa amesimama tayari, karatasi ya hotuba mfukoni, akiramba midomo.

Gari liliingia. Shangazi Coleta akaachia kigelegele, akakikata katikati alipomwona Hilaria anashuka kutoka nyuma, uso umevimba.

"Kuna nini?"

"Atasema mwenyewe," Hilaria alisema, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani.

Mzee Christopha hakuwa mtu wa kuona mambo madogo kama hayo. Akaitoa karatasi yake, akakohoa. "Ndugu zangu, sisi tumepita njia, tukaona katika boma hili ua zuri limechanua, na kijana wetu..."

"Mzee, nisamehe," Felisiani alisema. "Naomba niseme mimi."

"Wewe? Mchumba hasemi! Wewe kazi yako ni kuinamisha kichwa. Nimeandika kurasa mbili mimi!"

"Mwache," alisema mzee Teodori.

Felisiani alichuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akasema yote. Hakuruka kitu. Alisema Tunduma, akasema kopo la kahawa, akamsema mzee wa Laela ambaye hakuzaliwa. Alipofika kwenye Krismasi sauti ilimkatika, akaanza upya. Mshenga aliirudisha karatasi yake mfukoni taratibu.

Mzee Teodori alimgeuzia sikio. Kisha akauliza, "Usiku ule uliiwasha muda gani?"

"Kama dakika kumi, baba."

"Dakika kumi." Mzee alitikisa kichwa. "Kutoka hapa mpaka kanisani ni dakika nne. Kwenda na kurudi, nane."

Felisiani alitamani apigwe, atukanwe, afukuzwe kwa mbwa, chochote kuliko hesabu ile ndogo.

"Mimi nilisema!" shangazi Coleta alianza, kisha akasita. "Lakini na wewe, kijana, nani alikutuma usikilize maneno yangu? Mimi nasema kila mtu! Nimemsema hata padri! Angefunga kanisa kwa sababu ya Coleta?"

"Shangazi, kosa ni langu," Felisiani alisema.

Mzee alinyoosha mkono. "Ufunguo." Akapewa. "Gari limefika, ahadi ya gari imekwisha. Habari ya binti muulize mwenye maisha yake."

Felisiani alimgeukia Hilaria. Miaka saba alikuwa anaufahamu uso ule ukiwa na hasira, ukiwa na usingizi, ukiwa na chaki kwenye nyusi. Leo hakuujua.

"Nenda, Feli," Hilaria alisema.

"Nirudi lini?"

"Lini, lini! Miaka saba mimi ndiye ninayeuliza lini. Sitaki tena kuulizwa neno hilo." Alifuta pua kwa kiganja. "Kama utakuja, njoo kwa miguu. Bila gari, bila kipuri, bila mshenga. Nione kama kuna mtu hapo ndani."

Felisiani akaondoka. Aliwapita wale watoto waliokuwa wanamshangilia, wakaacha kushangilia. Alifika njia panda, akasimama kwenye jua lisilo na joto. Alijua atakavyofanya, ndilo lililomtisha. Atarudi gerejini, atajiambia ampe Hilaria wiki moja apoe. Wiki itakuwa mwezi. Mwezi utapata sababu zake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa amejificha mpaka ameanza kuota mvi.

Basi dogo la kwenda Matai lilikuja, likasimama mbele yake. Kondakta akachungulia.

"Kaka, panda! Una bahati, imebaki siti moja, ya dirishani!"

Felisiani aliitazama siti ile.

"Kaka, vipi? Unapanda au unatupigia picha?"

"Nendeni," alisema.

Basi likaondoka, likamwachia vumbi. Felisiani aligeuka akaanza kutembea. Kisha akaongeza mwendo. Alipofika ukingoni mwa uwanja alikuwa anahema, viatu vyeupe kwa vumbi. Akachuchumaa, akapiga makofi.

"Hodi hapa."

"Nani tena?" shangazi Coleta alitoka na mwiko mkononi. "Ee! Si umeondoka sasa hivi?"

"Nimeondoka, shangazi. Nimekuja."

Hilaria alikuwa bado kwenye benchi la ukutani, kitenge cha mama yake mapajani, macho mekundu. "Sikusema uje leo," alisema.

"Ulisema nije kwa miguu. Kesho nitapata sababu, Hilaria. Najijua."

Akamgeukia mzee, ambaye hakuwa ameondoka kwenye kiti chake. Safari hii hakukuwa na gari la kujificha nyuma yake.

"Baba, naitwa Felisiani. Mimi ni fundi, nimeishia darasa la saba. Nimekudanganya wewe na nyumba yako, na jambo nililomkosesha mama siwezi kulirudisha. Nampenda Hilaria. Naomba kumwoa."

Mzee Teodori aliusugua ufunguo wa gari kwa kidole gumba.

"Hapana," alisema.

Basi likawa limesemwa. Neno ambalo Felisiani alilikimbia miaka yote, neno alilolifichia rota ndani ya kopo, lilikuwa fupi hivyo tu. Liliuma, liliuma kweli kweli, machozi yakamtoka mbele ya shangazi na mwiko wake. Lakini hakuinuka akimbie.

"Nimesikia, baba," alisema.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Vizuri. Leo ni hapana." Mzee aliurusha ufunguo, ukaangukia mavumbini mbele ya magoti ya Felisiani. "Utalala kwa Christopha. Kesho Jumapili, saa moja, uwe hapa unipeleke kanisani. Mimi na binti yangu tutakaa nyuma. Mbele utakaa peke yako, na kile kiti cha dirishani kitakwenda kitupu, watu wote wakione. Tukirudi, uniulize tena."

"Nitakuja, baba."

"Kwa miguu," mzee alisema.

"Kwa miguu."

Shangazi Coleta alirudi jikoni akinung'unika kwamba ugali unaungua na hakuna anayejali. Mshenga alimfuata kuuliza kama kuna chai. Mzee alifumba macho. Uwanjani wakabaki wawili, mmoja mavumbini, mmoja kwenye benchi.

Hilaria alimtazama kwa muda mrefu, tangu viatu mpaka machozi. Alikikunja kitenge mara mbili zaidi. Kisha akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Kaa," alisema. "Ila usiniguse."